Shangazi wa Mhadhiri

Fomu ya kujiunga na chuo ilikuwa mapajani mwa shangazi, imebaki sahihi tu. Akishaitia, jioni mnunuzi angekuja kuichukua cherehani yake, ili ipatikane karo ya Kipanya. Kipanya, mpwa wake, jina alipachikwa kwa kutobanduka kwenye kompyuta za maktaba ya mtaa, alikaa kando yake. Leo walialikwa kuonja somo moja kabla ya kujiandikisha.

"Fundi wa kompyuta husikiliza kwanza," mhadhiri alianza, tai imemkaba shingo. "Shangazi yangu mshonaji alinipigia simu analia, kompyuta aliyoazima imekufa, giza tupu. Nikamuuliza hili na lile. Kumbe ameifunika skrini kwa kitambaa cha meza, isiingie vumbi!"

Darasa likaangua kicheko. Kipanya akainua kichwa. Hayo yalikuwa maneno yake! Aliyaandika mwenyewe kule maktabani, kwenye ukurasa wa masomo arobaini ya bure, akiwaelekeza wanafunzi wenzake wa mtandaoni. Na pale ukutani, kwenye mwanga wa projekta, hata kosa lake lilikuwepo: "kitamba cha meza", herufi moja imeliwa.

"We Kipanya," shangazi alinong'ona kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni, "huyu ni wa ukoo gani?"

"Simjui, shangazi."

"Mbona mimi ndiye shangazi yake?" Akasimama. "Mwanangu, skrini niliifunika mimi. Nina kaka mmoja tu, naye ana mtoto mmoja, binti huyu hapa. Wewe umetokea upande upi?"

Tabasamu la mhadhiri likayeyuka. "Mama, ule... ni mfano tu. Nimeutoa kwenye masomo yetu ya mtandaoni. Yako wazi kwa kila mtu."

"Yote arobaini?" Kipanya aliuliza.

"Yote."

"Nimeyamaliza mwezi uliopita."

Msichana wa mstari wa mbele aligeuka, akamkodolea macho kama aliyeona mtu akipenya ukuta.

"Na cheti?" shangazi alidakia. "Cheti mnatoa nyinyi?"

"Kinatolewa na bodi ya mitihani. Sisi tunawaandikisha tu wanafunzi wetu kwa mtihani."

"Asiye na chuo je?"

Mhadhiri alitazama saa, akatazama mlango, akailegeza tai. "Anaruhusiwa kujiandikisha mwenyewe."

Mwaka mzima Kipanya alijiona yuko nje ya mlango, anachungulia. Kumbe yumo ndani, na hakuna aliyemwambia!

Shangazi aliikunja fomu mara nne, akaitia kwenye mkoba. "Inuka twende."

"Miguu imekufa ganzi, shangazi."

"Basi kaa, upate nguvu za kuuliza mtihani ni lini. Mimi natoka nikampigie yule mtu, cherehani akanunue kwingine."

Mlango ukafungwa nyuma yake. Wanafunzi wote walikuwa wamemgeukia Kipanya, wamempa kisogo mwalimu wao. Naye akanyoosha mkono.