Fremu ya Saba

Jumanne moja saa nne asubuhi, Apolonia Masele alichomoa fito nyembamba za mkole kutoka kwenye pipa la mvuke, akazizungusha kwenye kalibu kabla hazijapoa, akazikaza kwa vibanio sita. Kisha alifuta jasho, akakaa juu ya kigoda kusubiri. Karakana yake ilikuwa Kambarage, Shinyanga mjini, baina ya saluni na mashine ya kusaga, na watu wa mtaa ule walimjua kwa vitanda na makabati. Lakini kwa miezi minne sasa alikuwa akihangaika na kitu ambacho mwenye mashine ya kusaga alikiita kikaango.

Kazi hiyo aliletewa na Mamta, mama wa makamo mwenye duka la vifaa vya michezo karibu na soko. Watu walimwita Mama Pinky. Alikuwa amecheza tenisi tangu usichana wake, na raketi za dukani kwake mwenyewe hazikumridhisha.

"Fundi, hizi za kiwandani ni nyepesi mno," alisema siku ile ya kwanza. "Zinarusha mpira kama manati. Ukishapiga, mpira si wako tena. Nataka raketi inayosikia."

"Inayosikia nini, Mama Pinky?"

"Mkono."

Apolonia hakuwahi kushika raketi, lakini alikubali. Fremu ya kwanza aliichonga kwa mninga, kipande kimoja. Ikawa nzito kama mchi, ikapasuka shingoni. Ya pili na ya tatu alizikunja kwa fito za mkole zilizogundishwa pamoja, kwa sababu mkole ndio mti ambao babu zake walitengenezea pinde. Zilikunjika vizuri, ila mpira ukigonga pembeni mwa nyuzi, kichwa cha raketi kilijipinda kiganjani kama mkia wa ng'ombe anayefukuza nzi. Ya nne aliikaza shingo mpaka kiwiko cha Mama Pinky kikavimba.

Suluhisho lilipita njiani. Asubuhi moja mzee mmoja alikuwa amebeba maziwa kwa mzega, mti begani wenye dumu moja mbele, moja nyuma. Mtu alimwita. Mzee akataka kugeuka, lakini madumu yalikataa kuharakishwa, yakageuka kwa wakati wake. Apolonia alisimama na randa mkononi mpaka mzee akatokomea. Uzito ukikaa mbali kwa pande mbili, mti haupindiki ovyo. Alirudi ndani, akakata koki mbovu ya maji, akapata vipande viwili vya shaba, akavipachika kwenye fremu ya tano, kimoja kila upande, pale kichwa kilipokuwa kipana zaidi. Kwenye ya sita alisogeza nyuzi za katikati zikaribiane. Kwenye ya saba, hiyo iliyokuwa kwenye vibanio, aliamua kuipunguza shingo kwa msasa mpaka ikawa laini kiasi cha kulegea kidogo mpira unapogusa, ili mpira ukae kwenye nyuzi kitambo zaidi na kuambiwa pa kwenda.

Walioijaribu walikuwa watatu: Mama Pinky, Apolonia na Zipora. Zipora alikuwa mke wa Abel, kaka yake Apolonia. Alikaa kwa wifi yake tangu miaka mitatu iliyopita, na kazi yake karakanani ilikuwa kupiga msasa mipini yenye pembe nane. Walikwenda kwenye uwanja wa zamani wa tenisi, ule wenye nyufa, wakachora alama kumi kwa chaki. Mama Pinky alipiga mipira kumi. Yote kumi ilitua juu ya chaki.

Mpira wa kumi na moja ulitoka nje ya uwanja. Ulivuka barabara, ukapita juu ya mapaa ya soko, ukakunja kona kwenye duka la mbolea, ukapotea.

Mama Pinky alishusha raketi. "Nimeacha dengu jikoni," alisema.

Walimfuata mpaka nyumbani kwake. Mpira ulikuwa umetulia kwenye kizingiti cha jiko, na dengu zilikuwa zimeanza kushika chini. Mama Pinky alizima moto, akaongeza maji. Apolonia alitoa daftari lake, akaandika: *Fremu ya saba. Inafuata wazo la mpigaji. Mpini uongezwe utepe.* Miezi minne alikuwa akitafuta raketi inayosikia mkono, na hii ilikuwa imevuka mkono ikaenda mbele zaidi.

Mwezi huohuo Mama Pinky alipeleka mipira kwenye mgodi mmoja wa njia ya Geita, na katika maongezi akaitaja raketi. Meneja wa mgodi, bwana aitwaye Donatus, alikuwa akiandaa bonanza. Akasema angependa wageni wake waone kazi ya wazawa. Fundi aje mwenyewe, Jumamosi.

Zipora alipopata habari, aliweka msasa chini.

"Wifi, unampelekea raketi mtu yule?"

Mgodi ule waliujua, na meneja alikuwa yuleyule. Masika ya miaka mitatu nyuma, msimamizi mmoja wa mgodi aliwachukua wachimbaji tisa, Abel akiwamo, wakasafishe duara la zamani, shimo la kuchimbia dhahabu, nyuma ya nyumba za wakubwa. Mvua ilinyesha, mdomo wa duara ukaporomoka. Kabla ya jua kuzama greda lilikuwa limeshasawazisha ardhi. Ofisi ilisema hapakuwa na mtu mle ndani, kwa maana hapakuwa na jina lililoandikwa. Baadaye wakapanda nyasi, wakaweka uzio, na upande wa pili wa uzio wakamwaga saruji ya uwanja wa tenisi. Kwa karatasi, Zipora hakuwa mjane. Alikuwa mke wa mtu aliyesafiri.

"Nampelekea," Apolonia alijibu. "Nataka kujua anawaza nini."

Zipora aliokota msasa, akaendelea na mpini.

Jumamosi Apolonia na Mama Pinky walipanda basi la alfajiri. Kagongwa waliteremka kunyoosha miguu kati ya magunia ya mchele, Kahama wakabadilisha gari, na saa nane mchana walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki kando ya uwanja. Kulikuwa na turubai, muziki, nyama choma, na wageni kutoka Geita mjini. Raketi ilikuwa mapajani mwa Apolonia, imefungwa kwa kitenge.

Donatus alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti ya upole. Alipokea raketi kwa mikono miwili, akaigeuzageuza.

"Shikamoo, mama. Hii umeitengeneza wewe?"

"Marahaba. Mimi, baba."

"Mbao gani?"

"Mkole. Tabaka saba. Shingo nimeilegeza ili mpira usikurupuke."

Alitikisa kichwa kwa heshima ya kweli. Mpinzani wake alikuwa Altaf, mfanyabiashara wa vipuri kutoka Geita, mcheshi mwenye kitambi na miguu myepesi. Michezo miwili ya kwanza Donatus alicheza kama mtu aliyezaliwa upya. Mpira uligusa mistari, ulitua kwenye pembe, ulidondoka nyuma tu ya wavu na kufa. Wageni walipiga makofi. Apolonia hakupiga. Alikuwa akiitazama shingo ya fremu, na kila mpira ulipogonga pembeni kidogo aliona kichwa kikibaki kimenyooka.

"Raketi hii ni hatari!" Donatus alimwambia Altaf kwa sauti.

Katika mchezo wa tatu alijiandaa kuanzisha, akageuza shingo kidogo kutazama upande wa uzio, kama mtu anayesikia akiitwa. Akapiga. Mpira ulipanda, ukapita juu ya uzio, ukakata kushoto, ukatua kwenye nyasi. Haukudunda.

"Mara ya pili," alisema Altaf, maana anayeanzisha hupewa mara mbili.

Wa pili ulifuata njia ileile, ukatua hatua tatu kutoka kwa wa kwanza. Donatus akacheka. Akapiga wa tatu, wa nne. Alipofika wa sita alikuwa ameacha kucheka, na mtu alizima muziki. Alivua kofia, akafuta uso, akaivaa. Alionekana kama anataka kuiweka raketi chini lakini mkono haukuafikiana naye. Mpira wa tisa alioupiga ulikwenda polepole kuliko yote, ukakaa peke yake karibu na ukuta wa nyumba.

Wa kumi ulitua uwanjani, ndani ya mstari, safi kabisa.

"Bwana meneja," Altaf alisema taratibu, "ulikuwa unawaza mbali."

Askari wawili wa ulinzi waliingia kwenye nyasi kuokota mipira. Waliinama, wakavuta, wakapiga magoti, wakavuta tena. Mipira haikutoka. Mmoja wao alileta jembe, akachimba kidogo kuuzunguka mmojawapo, kisha akasita, akarudisha udongo kwa kiganja, akaondoka. Wageni waliona, wakarudi kwenye nyama. Wengi wao walikuwa watu wa pale, na hesabu ya tisa hawakuisikia siku hiyo kwa mara ya kwanza.

Donatus alimjia Apolonia na raketi.

"Mama, kifaa kizuri, ila kinapotea."

"Hakipotei, baba. Kinafika."

"Kipunguze basi. Huko kufika."

Apolonia alisimama. Alikuwa mfupi, na ilimbidi aangalie juu.

"Nikiambiwa mpini mnene, napunguza. Nyuzi zikikaza, nalegeza. Hilo sipunguzi. Limenichukua fremu saba."

Mama Pinky aliongeza kwamba vipimo alivichukua yeye mwenyewe na fremu haina kosa. Donatus alitazama nyasi, akatazama saa yake, akasema ahsanteni kwa kuja. Raketi alimrudishia Apolonia kwa mikono miwili, kama alivyoipokea.

Nyumbani, Zipora alisikiliza habari yote akiwa anachambua mchicha.

"Tisa," alisema.

"Tisa."

"Wa kwetu ni upi?"

Zipora akamaliza mchicha, akanawa mikono, akaichukua raketi, akatoka nayo uani. Mpaka giza linaingia alikuwa akipiga mpira ukutani, na kuku wote walikuwa wamepanda juu ya paa.

Alhamisi iliyofuata, baada ya kulala Kahama, walikwenda wanawake kumi: Apolonia, Zipora na wengine wanane, wake na mama wa watu waliosafiri. Askari wa getini alikuwa na daftari la wageni lenye safu ya jina, safu ya saa, na safu iliyoandikwa *Umekuja kumwona nani*. Bibi mmoja kutoka Kagongwa, mama yake Boaz, akauliza safu ile inajazwaje. Askari akasema jina la mtu tu. Bibi akaandika Boaz. Zipora akaandika Abel. Majina tisa yakaandikwa, kwa mwandiko wa aina tisa, katika daftari lenye muhuri wa mgodi. Apolonia aliandika kwamba amekuja kuona raketi. Askari aliyasoma yote, akaangalia upande wa nyasi, akafungua geti.

Walisimama kwenye saruji ya uwanja. Zipora alipiga wa kwanza. Hakuwa na mtindo. Aliuzungusha mkono kama anayepepeta. Mpira ulipanda taratibu, ukavuka uzio, ukadunda mara moja, ukabiringika kati ya mipira mingine, ukagusa mmoja ulioko karibu na bomba la maji, ukatulia ubavuni mwake.

"Ni huyo," alisema Zipora.

Akazunguka uzio, akachuchumaa pale. "Mwangaluka," akamsalimia mumewe, kwa vile ilikuwa bado asubuhi, kisha akaanza kumweleza habari za nyumbani, kwa Kisukuma, pamoja na bei ya mchele na ugonjwa wa shangazi. Wanawake wengine walishika raketi kwa zamu. Kila mpira ulikwenda kwa mtu wa aliyeupiga. Mama yake Boaz hakuwa na nguvu ya kufikisha mpira hata kwenye wavu, lakini raketi iliufikisha.

Waliandika barua wakiomba duara lifukuliwe. Majibu yalifika baada ya wiki tano: kwa mujibu wa kumbukumbu hapakuwa na mtu mahali hapo, na mipira iliyobaki kwenye nyasi ni mali ya klabu, irejeshwe. Uzio uliongezwa urefu mita moja. Mipira ikaupita. Mkata nyasi alijifunza kuizunguka. Donatus aliendelea na kazi na aliendelea kucheza, kwa raketi ya kiwandani. Alimwambia Altaf kwamba hajui ni kwa nini, lakini siku hizi kila mpira wake unaingia wavuni.

Duara halijafukuliwa mpaka leo. Alhamisi wanawake huja, daftari la getini limekwisha na kufunguliwa jingine, na majina yaleyale tisa yako kwenye kila ukurasa.

Alhamisi moja Apolonia alikuja na fremu ya nane. Alikuwa ameshusha uzito kidogo kwa ajili ya mama yake Boaz, na mpini ameufanya mwembamba, wa mkono wenye baridi yabisi. Kwa msumari wa moto alikuwa amechoma jina lake shingoni, *A. Masele, Kambarage*, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwenye kitanda wala kabati. Bibi aliushika ule mpini, akaulinganisha na kiganja chake.

"Hii nyepesi, mwanangu. Itafika kweli?"

"Shika chini kidogo, bibi. Hapo. Sasa usiutazame mpira. Mfikirie tu."

Bibi akapiga, na Apolonia hakuangalia mpira ulikokwenda. Alikuwa akiangalia fremu, na fremu haikutikisika.