Kicheko Kilichobaki Toronto

Kila Alhamisi asubuhi wanawake wa kanisa la Kiukraine la kaskazini mwa Winnipeg hukutana katika ukumbi ulio chini ya kanisa kubana pirohi. Mmoja husukuma unga, mwingine hukata viduara kwa bilauri, na walioketi kwenye meza ndefu hutia kila kiduara tonge la viazi na jibini, hukikunja, na kubana kingo zake kwa vidole. Pirohi huuzwa Ijumaa, na mapato yake ndiyo yanayolipia joto la kanisa. Miaka ile Paraska Balanyk alikaa katikati ya meza, kwa sababu akicheka, kingo zilishika. Jambo hilo lilijulikana kama inavyojulikana kwamba unga ukishakandwa huachwa upumzike. Meza aliyokaa yeye haikuwahi kutoa pirohi lililopasuka majini.

Aliyemchekesha zaidi alikuwa mwanawe, Orest. Baba mtu alikuwa fundi wa mabehewa, maneno yake machache kuliko meno, lakini mtoto alijaliwa kuiga. Alimwiga padri akitafuta miwani aliyokwisha kuivaa. Alimwiga jirani yao aliyesahau kuchomoa waya wa umeme unaozuia injini ya gari isigande, akaondoka na waya unamfuata mtaa mzima. Wanawake walimfukuza wakisema atawaharibia unga, huku wakimsogezea kiti.

Alipokuwa kijana alikwenda Toronto kuwa mchekeshaji. Alihangaika katika vilabu vya walevi, akalala kwenye makochi ya watu, hatimaye shirika moja la televisheni likampa kipindi cha nusu saa kila Jumanne. Aliigiza fundi bomba anayeanguka kila anapoingia jikoni kwa watu, kisha anauomba mlango radhi. Watazamaji waliokuja studio walimwonea huruma wakapiga makofi ya adabu. Kipindi kilikuwa karibu kufutwa, na Orest alijua.

Majira hayo ya baridi mama yake alipanda treni kwenda kumtazama. Theluji ilikuwa imewazuia watu wengi, viti vilikuwa vitupu, na fundi wa sauti, kijana mmoja aliyeitwa Alistair Pugh, akamweka Paraska moja kwa moja chini ya kinasa sauti. Orest alianguka mlangoni. Paraska akacheka, kuanzia puani mpaka juu, akakatika kuvuta pumzi, akaanza tena kwa nguvu zaidi, na studio nzima ikacheka nyuma yake kana kwamba wameruhusiwa. Baada ya kipindi Paraska alimfuata Pugh kumwomba radhi kwa kelele zake. Pugh akamwomba radhi kwa kumkalisha pabaya. Kisha akamwambia, kwa heshima zote, kwamba wangependa kubaki na kicheko kile kama hana neno.

"Chukueni tu, jamani," alisema Paraska. "Mimi nyumbani ninavyo vingine."

Mtaani kwao maneno hayo huambiwa mgeni aliyesifia kitambaa cha meza. Mgeni hujua kazi yake ni kukataa, tena na tena, mpaka kitambaa kibaki kwa mwenyewe na wote wameonekana watu wema. Watu wa Toronto walishukuru wakachukua.

Paraska alitambua akiwa ndani ya treni, pale mtoto wa abiria mmoja alipomwagia babake supu kifuani. Alifungua mdomo, pakatoka pumzi tupu. Alipofika nyumbani alipiga simu stesheni ya Toronto, na karani wa vitu vilivyosahaulika akaenda kuangalia. Kulikuwa na miavuli, glavu za mkono mmoja, meno ya bandia, na kikohozi cha mzee wa Moncton ambaye hajakifuata mpaka leo. Kicheko hakikuwapo. Karani aliomba radhi, Paraska akaomba radhi kwa kumsumbua, wakaagana vizuri. Daktari naye alimmulika kooni akasema mahali pake papo, pasafi kabisa, ila hapana kitu.

Alhamisi iliyofuata pirohi za meza yake zilifunguka majini zote, viazi vikaelea. Olha Prystupa, aliyekuwa mkuu wa jiko, alimweleza kwa upole kwamba kule kwenye kumenya vitunguu kuna dirisha na mwanga mzuri. Paraska akamshukuru, akachukua kisu chake, akahamia dirishani, na huko ndiko alikokaa miaka yote iliyobaki. Hata hiyo nayo iliitwa adabu.

Jumanne kipindi kilirushwa. Baba yake Orest aliitazama televisheni iliyokuwa inacheka kwa sauti ya mkewe, akamtazama mkewe aliyekuwa anafuma soksi kimya, akainuka akaongeza sauti.

Tangu siku hiyo Orest hakuanguka mlangoni bila kuchekewa. Pugh alikipachika kicheko kile kila alipoona panafaa, na taifa zima, lililokuwa halijui kama jambo hili ni la kuchekesha au la, likapata wa kuliongoza. Watu walimsimamisha Orest barabarani. Watoto shuleni waliiomba milango radhi. Orest alikitambua kicheko kile mara ya kwanza tu kilipopigwa, nani asiyejua kicheko cha mamake, na alijiambia kwamba atakidai msimu ukiisha. Msimu uliisha, ukaja mwingine. Alipokwenda nyumbani Krismasi alimkuta mama anatabasamu kwa mdomo uliofungwa, akampa shali ya sufi.

Baadaye alikwenda California, kwa kuwa nchini kwao mchekeshaji haaminiki mpaka aondoke, na akishaondoka ndipo anapoitwa mtoto wetu. Kicheko kilikuwa kimemtangulia huko. Shirika lilikuwa limekiuza pamoja na vingine, na Orest, ambaye sasa alikuwa anaigiza jirani mpole na daktari mpumbavu na jirani mpole mwingine, alikisikia katika vipindi vya watu asiowajua. Alikisikia chini ya mzaha wa mume anayempiga mkewe kwa kikaango. Jioni moja, akiwa anakula chakula cha kopo mbele ya televisheni, alimwona mwanamume mmoja aliyevaa kama bibi kizee wa nchi ya baridi, kitambaa kichwani, soksi zimeshuka, anachanganya lafudhi na kuwaomba watu radhi huku sahani ya pirohi ikimdondoka. Na mamake akacheka. Alimcheka bibi yule kwa moyo wake wote, tangu puani mpaka juu, mara nne kabla ya tangazo. Orest alizima televisheni akakaa na kijiko mkononi. Aliona haya kama hajapata kuona maishani.

Wiki hiyo ndiyo aliyopiga simu dada yake, Daria, kutoka Winnipeg.

"Mama hafiki majira ya joto," alisema Daria. "Kuna kitu kimoja tu anataka. Anataka acheke kabla hajaenda. Nenda kakichukue, wewe ndiye unayewajua."

Orest alimuuliza dada yake mama yao amejuaje kiko wapi.

"Anajua siku zote, wewe. Ana masikio. Alisema tusikwambie, usije ukaharibiwa kazi."

Orest alipanda ndege siku iliyofuata. Alistair Pugh sasa alikuwa mkurugenzi, mwenye nywele nyeupe na zulia zito, na alimpokea kwa mikono miwili. Alimpa kahawa na vitumbua vya siagi na sukari. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akafungua kabati, akaweka kanda ya zamani kwenye mashine, na ofisini ikasikika sauti ya Paraska akiwa na nguvu zake, akisema wachukue tu, yeye nyumbani anavyo vingine.

"Alikuwa anaonyesha adabu, Bwana Pugh," alisema Orest. "Mlitakiwa mkatae."

"Naelewa kabisa. Samahani sana," alisema Pugh, na ilionekana anasema kweli. "Lakini na sisi tulikuwa na adabu, Orest. Tulisema asante."

Alimweleza hali ilivyo. Nakala zilikuwa nyingi, lakini mzizi ulikuwa mmoja, umehifadhiwa katika chumba cha baridi orofa ya chini. Ukirudi kooni kwa mwenyewe, nakala zote zitanyamaza siku hiyo hiyo, nchi zote. Vipindi vya watu vitabaki na mashimo. Vya Orest ndivyo vya kwanza, fundi bomba ataanguka na hakuna atakayejua kwa nini.

Orest alichelewa kidogo kujibu, na Pugh aliona.

"Vinyamaze," alisema Orest.

Pugh alisikitika, akasema mikataba haimruhusu. Orest akataka kutoa kicheko chake badala ya kile cha mama. Jambo hilo halikuwa geni pale, kwa hiyo wakateremka mpaka chumba cha kunasia sauti, akawekewa kinasa mbele, akaambiwa acheke. Alicheka kadiri alivyoweza. Fundi wa siku hizi, msichana mwenye pete puani, alivua vifaa vyake vya masikioni akamtazama mkurugenzi.

"Samahani, mzee," alimwambia Orest. "Kinasikika kama cha mtu aliye kazini."

Pugh alimsindikiza hadi kwenye lifti. Kila mmoja alimwomba mwenzake atangulie, wakasihiana mpaka milango ikajifunga na lifti ikaenda zake. Walingoja nyingine. Ilipofika, Orest alijisikia akimwomba yule bwana radhi kwa kumpotezea muda, na akajichukia mpaka chini.

Huko Winnipeg Paraska alikuwa katika nyumba ya kutunzia wazee, kitanda chake karibu na ukumbi wa televisheni. Alikuwa amekwisha kuwa mdogo kitandani. Orest alimwambia yote, pamoja na ile ya kuchelewa kujibu, kwa kuwa hakutaka kuficha tena. Mama alifikiri.

"Walikupa kahawa?"

"Walinipa, mama. Na vitumbua."

"Basi wana malezi," alisema, akampapasa mkono.

Daria, aliyekuwa ameketi upande wa pili wa kitanda, alitoka nje ya chumba akapiga ukuta teke. Orest aliinuka. Hakujua kufanya kingine maishani, akamwiga padri. Alitafuta miwani chini ya mto, chini ya kitanda, ndani ya chupa ya mkojo, akaikaribisha miwani iliyo usoni pake kana kwamba ni muumini mgeni. Alifanya vizuri kuliko alivyopata kufanya mbele ya kamera yoyote. Mabega ya mama yalitikisika. Machozi yalimtoka, uso ukamwiva, akaushika ukingo wa shuka kwa vidole viwili viwili, akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Ukumbini televisheni ilicheka kicheko chake kwa sababu ya mtu mwingine, na wazee wawili watatu wakacheka nacho.

"Samahani, mwanangu," alisema Paraska. "Ilikuwa nzuri."

Alifariki barafu ya mtoni ilipoanza kuvunjika. Walimzika kwa heshima, na baada ya mazishi wanawake walipika katika ukumbi ulio chini ya kanisa. Pirohi nyingi zilipasuka, watu wakazila hivyo hivyo. Kila mtu alimwambia Orest kwamba mama yake alikuwa mtu asiyetaka makuu, naye akawashukuru mmoja mmoja.

Siku hizi Orest amerudi Toronto. Ana sehemu ndogo katika kipindi kipya, babu anayeishi chumba cha chini. Watazamaji hawaalikwi tena studio. Vicheko hupigwa kwa spika ili waigizaji wajue wapi pa kungoja, maana mwigizaji akisema juu ya kicheko, mstari wake hupotea. Kimojawapo ni cha mamake, naye hajaomba kibadilishwe. Aliwahi kufikiri kuomba, akaona atawasumbua watu.

Juzi alikuwa na mwigizaji mgeni, kijana wa Saskatoon, kazi yake ya kwanza. Orest alisema mstari wake, spika zikacheka. Kilianza puani kikapanda mpaka juu kabisa, kisha kikakatika ghafla, studio ikawa kimya. Kijana alidhani kimekwisha, akavuta hewa ili aseme. Orest alimshika mkono.

"Bado," alimnong'oneza. "Anavuta pumzi."

Wakasimama mbele ya kamera wote wawili, wanangoja. Kicheko kikarudi kwa nguvu kuliko mwanzo, wakakiacha mpaka kikaisha chote, na Orest akaendelea na mstari uliofuata, uliokuwa unamhusu bibi kizee.