Mpiga Besi Pekupeku

Saa tisa na dakika hamsini na nane alasiri, dakika mbili kabla ya mazoezi, mpiga besi aliingia katika chumba cha nyuma cha duka la fanicha. Akasalimia, akavua viatu, akavipanga mlangoni, kisha akaegemeza wayo wa kushoto kwenye bati la amplifaya. Alikuwa amekufa tangu mwezi wa tatu. Alipokuwa hai hakuwahi kufika kabla ya saa kumi na nusu.

"Tangu afe amekuwa mtu wa kutegemewa," alisema Mjomba, kiongozi wa bendi, kutoka kwenye kiti chake chenye mikono karibu na dirisha.

Mwimbaji, ambaye alikuwa mdogo wake marehemu, alimpa kaka yake kitambaa apanguze vumbi la mbao miguuni. Vumbi lilimfanya apige chafya, hata sasa.

Marehemu alikuwa na kazi mbili pale. Ya kwanza, kupiga besi. Ya pili, kupitisha umeme. Amplifaya ile ilikuwa inavuja, na umeme uliovuja hautulii. Hutafuta pa kwenda. Hapo zamani ulipanda kwenye nyuzi za gitaa, ukaingia mkononi, ukatokea mdomoni mwa yeyote aliyeigusa maiki. Sasa uliingia kwa wayo wake wa kushoto, ukazunguka kifuani, ambako hakukuwa tena na kitu cha kusimamisha, ukashuka kwa mguu wa kulia na kuzama sakafuni. Masikio yake yaliwaka kidogo, kama balbu ya friji.

"Kaka, nishikie na hii simu," alisema mpiga ngoma. "Imebaki asilimia nne."

Marehemu akaitia mfukoni mwa shati. Baada ya nyimbo mbili ilikuwa imejaa.

Chanzo cha yote hayo kilikuwa mvumo. Amplifaya ilichomekwa kwenye tundu la mlangoni, na miksa, mashine ile ya kuchanganyia sauti, ilichomekwa dirishani, mkono wa kulia wa kiti cha Mjomba. Vyombo hivyo viwili vikiwashwa vilivuma kama nzi ndani ya kopo. Mjomba alikuwa na masikio mepesi. Bendi nzuri, alipenda kusema, hujulikana kwa kimya chake kabla ya noti ya kwanza.

Aliitwa fundi umeme, mama mmoja aliyechomeka bisibisi kwenye nywele. Alikagua, akachutama, akainuka.

"Vyombo vinachota umeme pande mbili, mzee. Hamishia miksa mlangoni, vyote vitumie tundu moja, mvumo utakwisha. Na hii amplifaya inavuja, niletee niitengeneze. Ila huu waya wa kijani wenye mstari wa njano msiuguse. Ndio unaoupeleka ardhini umeme uliopotea njia. Usipoziba ufa utajenga ukuta."

"Na kiti changu?"

"Kitafuata miksa."

Mjomba alimshukuru sana, akamsindikiza hadi barabarani. Aliporudi aliifungua plagi ya amplifaya na kuukata waya wa kijani kwa koleo. Mvumo ukakoma.

"Kimya hicho," alisema, akafumba macho.

Wiki iliyofuata mpiga besi aliinamia maiki aitikie kiitikio, vidole vikiwa kwenye nyuzi. Hakuitikia. Mjomba aliwaeleza wote waliokuja kutoa pole kwamba kijana alikuwa na moyo dhaifu.

"Moyo wangu ulikuwa mzima," alisema marehemu alipofika mazoezini Jumanne baada ya kuzikwa.

"Ulikuwa," Mjomba alikubali. "Haya, tuanze na ule wa kwanza."

Miezi ikaenda hivyo. Siku moja, walipokuwa wakikunja nyaya, marehemu alimwambia mdogo wake kwamba nyayo zinamuuma.

"Nimepewa mahali pa kukaa kule," alisema. "Pana mkeka wangu, mzuri tu. Lakini kila nikitaka kuketi, huku mnawasha."

"Waya ukirudishwa?"

"Sitaitwa tena."

"Basi sitakuona."

"Hutaniona. Ila wewe utabaki mzima, au hiyo si kitu?"

Mwimbaji alimaliza kukunja waya wake. Alikuwa amezoea kumwona kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, akimwinulia nyusi kila aliposhuka chini ya noti. Alikwenda kwa fundi, akafundishwa. "Kwanza chomoa plagi ukutani," fundi alimwambia. "Halafu tazama kama kweli umechomoa. Na ukishaunga waya, amplifaya yenyewe niletee, bado inavuja." Alinunua bisibisi, akatembea nayo kwenye mkoba siku nane, akijiambia kila siku kwamba leo mkono haujatulia. Siku ya tisa kaka yake alipoinua mguu, aliona wayo umekuwa mweusi kama sufuria ya kuni.

Alhamisi iliyofuata alifika mchana peke yake. Alichomoa, akatazama, akatazama tena. Akaurudisha waya mahali pake na kukaza skrubu mpaka kiganja kikamuuma.

Saa tisa na dakika hamsini na nane, mlangoni hapakuwa na viatu.

"Ameanza tabia zake za zamani," alisema mpiga ngoma alipoingia.

"Hatakuja," alisema mwimbaji. "Nimeurudisha waya."

Mjomba aliwasha miksa. Amplifaya ikavuma. Aliinua kichwa polepole, kama mtu aliyetajwa jina kwa ubaya.

"Nini hicho?"

"Mvumo, Mjomba. Tukiileta miksa hapa mlangoni utakwisha. Hatua tisa tu, nimezihesabu. Amplifaya nitampelekea fundi mwenyewe. Na kiti nitakubebea."

"Mlangoni kuna upepo. Upepo na shingo yangu havipatani."

"Kaka alikufa, Mjomba."

"Najua, mpwa wangu. Si ndiye mpiga besi wetu?"

Akainuka na koleo lake, akazipiga hatua zile tisa hadi mlangoni. Mwimbaji aliifunika plagi kwa viganja viwili. Mjomba alisubiri bila hasira, jinsi mtu anavyosubiri mvua ipite. Ilipoonekana mwimbaji hapiti, akaondoa vidole vyake kimoja kimoja, kwa upole, huku akimuuliza kama mama yake hajambo. Kisha akaichomoa plagi ukutani, kwa sababu kwa hilo alikuwa mwangalifu na hakupenda ajali, akaifungua, akaukata waya, akaichomeka tena.

"Sitaimba," alisema mwimbaji.

"Utaimba. Kaka yako yuko njiani."

Mjomba akarudi kwenye kiti na kuwasha. Kimya kikawa kizuri sana. Ndani ya kimya hicho zikasikika nyayo uani, za mtu asiye na haraka.

Marehemu aliingia. Shavu moja lilikuwa na alama za ukili wa mkeka.

"Ndio kwanza nilikuwa nimeketi," alisema.

Hakumtazama Mjomba. Alimtazama mdogo wake, akaona viganja vyake vyekundu, akavishika kidogo. Mwimbaji alihisi furaha ikimjia kabla ya aibu, na kati ya yote aliyotendewa na Mjomba, hilo ndilo aliloshindwa kumsamehe.

"Nitaurudisha tena," alinong'ona.

"Rudisha. Hata dakika tano zinatosha kunyoosha mgongo."

Akavua viatu, akavipanga mlangoni, akaegemeza wayo kwenye bati. Masikio yakawaka. Mpiga ngoma akamtilia simu mfukoni.

"Haya," alisema Mjomba, macho yamefumbwa, "tuanze na ule wa kwanza."

Mwimbaji alisogeza midomo kwenye maiki mpaka ikagusa chuma. Haikumuuma hata kidogo.