Dawa ya Lori la Mama Chepngeno

Mimi simwamini mtu anayeuza kitu huku amefumba macho. Ndivyo Mzee Kimaiyo alivyoanza. Alisimama mlangoni mwa kanisa letu hapa Kibomet baada ya ibada, katoni miguuni, akaiombea chupa moja, kisha akamkabidhi tajiri yangu, Mama Chepngeno.

"Hii ni dawa ya dizeli, mama. Injini nzee ikinywa hii, inarudi ujanani."

Mama Chepngeno ana lori moja tu, kuukuu, limemzidi hata binti yake umri. Mimi, Hesbon, ndiye dereva. Tunabeba mahindi kutoka Kitale na Moi's Bridge tukiyapeleka Bungoma. Siku hizo pampu ya dizeli ilikuwa imeanza kulia. Kuliwasha asubuhi ni vita, kupanda mlima ni moshi mtupu. Na pampu ikifa, kila mtu anajua nani atalaumiwa. Si dizeli, si uzee, si barabara. Ni dereva! Nami nina watoto shuleni na sina kibarua kingine.

Sasa mzee wa kanisa akikuuzia kitu, utakataaje? Huyo ndiye anayesoma majina ya wagonjwa wa kuombewa. Ukimkatalia, utaonekana umekataa Mungu mwenyewe. Mama akanunua katoni nzima na kunipa sheria: kila nikijaza tangi nitie chupa moja, na kila Jumamosi nimrudishie chupa tupu, azione kwa macho yake. Maana yeye naye haniamini, anadhani kila dereva huuza dizeli njiani. Kabla sijaondoka hupima tangi kwa fito, nikirudi hupima tena, halafu ananitazama usoni muda mrefu. Mtu umetoka Bungoma na vumbi mpaka kwenye meno, halafu unatazamwa hivyo!

Chupa ya kwanza niliifungua nikiwa Webuye. Nikainusa. Wee! Harufu hiyo naijua tangu utotoni. Ni mafuta ya taa, yametiwa rangi nyekundu. Nikaipeleka nyumbani, mke wangu Joan akaitia kwenye stovu, ikawaka vizuri kabisa na ugali ukaiva.

"Mwambie Mzee akuongezee," Joan akasema huku akicheka.

Mimi sikucheka. Pampu ya lori letu hulainishwa na dizeli yenyewe, haina oili nyingine. Dizeli ya siku hizi nayo imesafishwa mpaka haina utelezi, halafu mtu anakuletea mafuta ya taa, ambayo ni makavu zaidi! Si hiyo ni kuizika pampu ikiwa hai?

Nikaenda kwa fundi wetu, Kipkorir. Akaniambia madereva wa lori kuukuu siku hizi hutia oili ya misumeno ya kukata miti, ile inayochanganywa na petroli, kidogo tu ndani ya tangi. Sawa. Lakini ningemwambiaje Mama? Nikisema mzee wa kanisa ni mwongo, nani ataaminiwa, yeye au mimi? Basi nikanyamaza na kununua oili kwa pesa yangu ya chakula cha njiani. Huko Bungoma wenzangu walikula samaki, mimi nikashindia chai. Dawa ya Mzee ikaenda kwenye stovu, chupa tupu zikarudi kwa Mama, oili ikaingia kwenye tangi.

Polepole pampu ikaacha kulia. Lori likawa linawaka mara moja tu, moshi ukapungua. Nilifurahi, haki ya Mungu. Siku moja niliimba kutoka Webuye mpaka Kiminini.

Jumapili ya sadaka ya mavuno, Mama Chepngeno akasimama kutoa ushuhuda.

"Bwana asifiwe!"

"Amina!"

"Lori yangu ilikuwa inakufa. Mzee Kimaiyo akanipatia dawa. Wapendwa, leo inanguruma kama imetoka dukani juzi!"

Vigelegele vikapigwa. Mzee Kimaiyo alikuwa amesimama kando na katoni mpya, tena katoni si moja. Ndipo nikamwona Mukhisa kwenye benchi la mbele. Mukhisa ni shemeji yangu, amemwoa dada yangu Nasike kule Bungoma, na lori lake ni kuukuu kama letu. Hilo ndilo linalowalisha. Kumbe Mama mwenyewe alikuwa amemwalika aje asikie, na Mukhisa tayari alikuwa ameshika noti mkononi.

"Hesbon, njoo uwaambie," Mama akaniita. "Wewe ndiye unatia dawa."

Nikaenda mbele. Neno moja tu, ndiyo, na kazi yangu ingekuwa salama. Nikamtazama Mukhisa na zile noti zake, hasira ikanipanda.

"Hiyo dawa haijawahi kuingia kwa tangi," nikasema. "Hata tone. Ni mafuta ya taa. Sisi tunaipikia ugali."

Joan akainama akajifanya anamfunga mtoto viatu.

"Na chupa ulikuwa unaniletea?" Mama akauliza.

"Nilizimimina kwenye stovu, nikakuletea tupu."

"Kwa hivyo lori yangu ulikuwa unaiwekea nini?"

"Oili, Mama. Ndiyo imeiponya."

"Ati oili. Nani alinunua?"

"Mimi. Na pesa yangu ya chakula."

Hapo wakaangua kicheko. Hata wale mama wa kwaya! Tangu lini dereva akalala njaa ili amnunulie tajiri oili? Nitasema ukweli, ingekuwa ni dereva mwingine anasema hivyo, mimi pia ningecheka.

Mzee Kimaiyo akainua mkono, sauti ya upole. "Ndugu zangu, msimcheke. Mtu hutubu kidogo kidogo. Leo amekubali chupa. Kesho atakubali dizeli."

"Nilijua!" Mama akasema. "Fito ilikuwa inaniambia!" Uongo mtupu! Fito haikuwahi kuonyesha upungufu wa hata kidole. Akanyoosha mkono mbele ya watu wote, nami nikamwekea ufunguo wa lori.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya kanisa, Mukhisa alipokuja. Mikono yake ilikuwa mitupu. Alikuwa amerudisha noti zake mfukoni.

"Shemeji, mimi sinunui," akasema. "Wewe nimekuamini."

Machozi yakanilenga. Nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili. Naye akasogea karibu, akatazama mlango wa kanisa kama kuna mtu anakuja, akashusha sauti.

"Sasa niambie mimi tu, si sisi ni watu wa nyumbani? Hiyo dizeli ya Mama ulikuwa unauzia nani?"