Mkono Mwepesi wa Makandi

Huku Laare mwanamke hakwei mti wa miraa. Atalima chini yake, atafunga vibunda kwa majani ya mgomba, atabeba mzigo mpaka shingo imuume, lakini akiukwea tu, wanunuzi watasema miraa imeharibika na hawatakanyaga tena shamba hilo. Nani alisema? Usiulize. Mwiko ni mwiko, na wanaoutetea zaidi ni wale wasiobeba mzigo.

Makandi alikuwa na miaka kumi na sita, na tangu Januari alikuwa akiuvunja mwiko huo kila alfajiri. Baba yake, Muthamia, alianguka mtini akavunjika nyonga, na Mungu hakuwa amempa mtoto wa kiume. Basi msichana alivaa suruali na kofia, akachuma mpaka vibunda vikatosha, akashuka kuvaa sare ya shule. Baba alijua, lakini hakuwahi kulitaja. Mama yake, Karambu, aliwaambia watu kwamba huyo mchumaji ni mpwa wake kutoka Kiirua, kijana mwenye haya. Thuranira, mnunuzi aliyefika kwa boda boda saa moja kamili, aliumeza uongo huo pamoja na miraa yenyewe.

"Mama Makandi, huyo kijana wenu ako na mkono mwepesi," alisema akitafuna. "Hakuna shamba lingine napata kitu kama hii."

Sifa hizo zilimuuma Makandi kuliko matusi. Zilikuwa zake, na zilikuwa zikimwendea mtu asiyekuwepo. Hasira akaimalizia kwenye daftari. Aliandika mchezo kuhusu Kagendo, msichana avaaye kinyago anayekwea mnara, mwamba, hata mawingu, na kuokoa kijiji kisichojua kuwa ni binti yao. Madam Nelius, mwalimu mgeni kutoka Embu, aliusoma akaamua uigizwe siku ya wazazi, Makandi mwenyewe akiwa Kagendo.

"Na mwisho tunaweka ule wimbo," akasema.

Hakuwa na haja ya kuutaja. Mwaka ule wimbo wa msichana mmoja wa Nairobi ulilia kwenye kila simu na kila kinyozi: *Nitazame usoni, ni mimi, ni mimi.* Madam alitaka kinyago kivuliwe kiitikio kikianza. Katika mazoezi Makandi alikivua mara ishirini bila shida. Ulikuwa uso wa Kagendo, alijiambia, si wake.

Siku yenyewe ilipofika, Madam alitaka nguzo iliyosimikwa uwanjani kuwa mnara wa Kagendo ipendeze, akaifunga matawi mabichi ya miraa. Mtu wa Embu angejuaje mwiko wa Laare? Wimbo ukaanza, Makandi akakwea miguu mitupu, watu wakapiga makofi. Alipofika kwenye matawi, mikono ikafanya ilichozoea. Wa kulia ulikata ncha laini kwa vidole viwili, ukaruka zile changa mno, ukapitisha kwa wa kushoto. Wa kushoto ulipojaa, akauma fungu kwa meno, akahamia tawi la pili. Hakujua anafanya nini mpaka aliposikia makofi yanakufa.

Watoto waliendelea kushangilia. Wazee waliitazama mikono yake. Uwanja ule ulijaa watu waliozaliwa chini ya miraa, na mkono wa mchumaji hauigizwi. Thuranira, aliyekuja kumwona binti yake, alisimama polepole. Karambu akajifunika uso kwa leso.

Kiitikio kikaanza. Makandi aliogopa. Angeweza kushuka na kinyago chake, akimbilie darasani, na kesho mama angesema ni porojo za watu. Lakini alikuwa amechoka, amechoka kabisa, kuwa kijana wa Kiirua. Akakivua, akawatazama, miraa ikiwa bado mdomoni. Aliyepiga makofi ni Madam Nelius peke yake.

Jumatatu alichuma kama kawaida. Saa moja ikapita bila boda boda. Thuranira alikuja jioni, bila gunia.

"Mzee, mimi sina neno na wewe," alimwambia Muthamia. "Lakini wenzangu wameshasikia, hawatagusa." Akasita. "Ni tangu lini?"

"Tangu Januari."

Thuranira aliipiga hesabu ile miezi kimoyomoyo. "Na yote hiyo mimi nimekula!"

"Ukasifu," akasema Muthamia.

Thuranira akamgeuzia mgongo. Akawasha pikipiki akaenda zake, na vibunda vikabaki mlangoni vikinyauka. Karambu alimpita binti yake, akaingia jikoni. Makandi alilia kwa uchungu, maana ndiye aliyeifunga riziki ya kwao. Hata hivyo, katikati ya kilio hicho hakutamani kukirudisha kinyago usoni, na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

Baba yake alimwacha alie kwanza.

"Ule mti wa karibu na mto umekomaa," akasema mwishowe. "Utaanza na huo kesho?"

Alimuuliza jinsi wachumaji wanavyoulizwa, si jinsi mtoto anavyotumwa.

"Nani atanunua, baba?"

"Kutafuta mnunuzi ni kazi ya mwenye shamba," akasema Muthamia. "Mimi nimemuuliza mchumaji wangu."