Upanga Ulionolewa kwa Ajili ya Orihara

Muatasim, mtoto wa kaka yangu Amur, alikuwa na walimu wawili maishani. Wa kwanza alimfundisha hesabu hapa kwetu Ibra, Oman, na Muatasim alimsahau kabla hajaota ndevu. Wa pili ni Mjapani aliyekufa miaka mia nne iliyopita, jina lake Orihara Danzo, na huyo hakumsahau hata siku moja.

Orihara alikuwa samurai, mpiga upanga wa kupigiwa mfano. Maisha yake nayajua kuliko ya marehemu mume wangu, kwa sababu kila Alhamisi Muatasim akija kutoka Nizwa, anakofanya kazi ya uhandisi wa maji, ilikuwa lazima tule wali na Orihara. Alizaliwa maskini. Aliondoka kwao akiwa na umri wa kucheza gololi. Alipigana na kila aliyemtazama vibaya na hakushindwa hata mara moja. Hakuoa, hakujenga, hakulea. Alilala pangoni na upanga mapajani, akila matunda ya mwituni. Mashallah. Mtu wa namna hiyo angekuja kuposa kwetu tungemfukuza mlangoni, lakini kwa kuwa ni Mjapani na ameshakufa, basi tukaambiwa hiyo ni hekima.

Kilichoniudhi zaidi ni mwisho wa hadithi. Uzeeni, Orihara aliitwa na kijana mmoja wapambane kando ya mto. Mzee akaenda, akasimama, akamtazama yule kijana, kisha akauchomeka upanga wake ardhini na kurudi zake pangoni. Wanafunzi wake wakaandika kwamba alishinda bila ya kuinua mkono, na mpaka leo watu wanakwenda kuinama mbele ya kaburi lake. Nilimwambia Muatasim kwamba kwetu Unguja mtu akifanya hivyo huambiwa amekimbia. Alinitazama kwa huruma, akasema shangazi haya mambo ni mazito. Labda. Lakini mimi uongo siuwezi, hata ukiwa na umri wa miaka mia nne, na kila mtu nyumbani kwetu analijua hilo na ameshaumia nalo.

Na mpiga upanga nyumbani kwetu alikuwepo, wala hakuhitaji pango. Baba yangu, Mzee Humoud, alizaliwa Unguja mjini, mtaa wa Vuga, akarudi Oman mwanzoni mwa miaka ya sabini na mke, watoto, na upanga wa babu yake. Tunasema "akarudi", ingawa alikuwa hajawahi kukanyaga. Watu wa Ibra walimpokea kwa ukarimu wao wote, na wakakicheka Kiarabu chake kwa ukarimu huo huo. Akawa Zinjibari kwa kila mtu, mpaka kwa muuza samaki. Hadi ikafika harusi moja. Wanaume walipanga safu zao za razha, ile ngoma ya panga na mashairi, na Baba akaingia kati. Akaurusha upanga juu, ukazunguka hewani kupita vichwa vya mitende, akaudaka kwa mpini bila ya kugeuza shingo. Alikuwa amefundishwa na babu yake uani, huko huko Unguja walikodhani watu wanajua kula maembe tu. Tangu siku ile hakuna aliyemuuliza ametoka wapi. Mcheza kwao hutuzwa, alikuwa akisema Baba, na tuzo yake ilikuwa kuachwa kwa amani.

Siku hizi mkono wa kulia wa Baba unatetemeka. Sasa, katika majlisi ya Oman, chumba cha kupokelea wageni, ukitosheka na kahawa unakitikisa kikombe, na mmiminaji anakupita. Mkono wa Baba unakitikisa wenyewe. Basi kila anakokwenda anapata kikombe kimoja, vijana wanapita, na yeye kwa kiburi alichojaaliwa haombi cha pili. Anarudi nyumbani na ghadhabu zake, anasema kahawa ya wale watu haikuwa na hiliki.

Muatasim alipochumbia huko Al Qabil, kwa binti anaitwa Mazoon (katika suala la kuoa, alhamdulillahi, aliamua kutomfuata Orihara), Baba akatangaza kwamba ataurusha upanga. Tulikataa sote. Amur alikataa kwa adabu, daktari alikataa kwa Kiingereza, na mimi nilikataa kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili. Baba alichotaka kilikuwa chepesi kukielewa: aonekane mara moja tena, mbele ya wakwe, kabla mkono haujamkataa kabisa. Ilinichoma moyo kumkatalia, lakini nilimkatalia. Mwishoni akatoa ahadi kwamba atasimama kwenye safu, atautikisa kidogo, basi. Aliitoa huku akitazama dirishani, kama wagombea wanavyotoa zao.

Muatasim peke yake ndiye aliyeiamini ahadi ile. Na kwa kuwa aliiamini, akaona amfanyie babu yake zawadi. Orihara alifundisha kwamba upanga butu ni tusi kwa fundi aliyeufua. Basi bwana harusi wetu akauchukua upanga wa familia, akaenda nao Nizwa, akakaa nao na mawe aliyoyaagiza Japani, kwa maji na subira, mpaka ukaweza kunyoa ndevu. Kila mwanamume wa Oman aliyewahi kusimama kwenye razha anajua kwamba upanga wa kuchezea haunolewi. Bapa lake ni jembamba la kunesanesa na makali yake huachwa butu makusudi, ili anayekosa mpini arudi nyumbani na vidole vyake vyote. Orihara hakuliandika hilo. Na Muatasim, ambaye tangu utoto kila harusi aliitazama kupitia simu, angelijulia wapi? Akaurudisha kwenye ala yake, akanyamaza, akisubiri babu afurahi.

Siku ya harusi, baada ya sala ya alasiri, wanaume walipanga safu mbele ya nyumba ya bibi harusi. Sisi wanawake tulikuwa kwenye roshani ya juu. Nilikaa na Hamda, shangazi yake Mazoon, aliyekuwa akinipongeza kwa magari mengi tuliyokuja nayo, na nikawa najaribu kujua kama ni sifa au ni malalamiko. Ngoma ikapamba moto. Nikamwona Baba anatoka kwenye safu.

Amur alimwita taratibu, kisha si taratibu tena. Baba hakusikia. Masikio yake huwa mazima inapotajwa halwa tu. Alifika kati ya safu mbili, akauchomoa upanga, akapitisha kidole gumba kwenye makali kama alivyofanya siku zote kuufuta vumbi. Halafu akasimama. Alikitazama kidole, kisha akamtazama Muatasim.

Mimi kule juu sikuelewa kitu. Muatasim alielewa. Aliniambia baadaye kwamba aliiona damu ikiteremka mpaka kwenye mkono wa kanzu, na akapiga ukelele.

"Babu, usirushe! Nimeunoa!"

Baba alimsikia, hilo Muatasim analiapia. Alitikisa kichwa kidogo tu, kama mtu anayeambiwa chakula hakijaiva na yeye ameshanawa. Kisha akarusha.

Ulikwenda juu, lakini si kama zamani. Ulizunguka vibaya, ukalala upande. Baba akainua mkono kuungojea, na hata kutoka kule juu niliuona ule mkono unavyotetemeka. Nilisimama. Nadhani nilimwita Mungu, au nilimwita Mama. Muatasim alikwishakuruka, na joho lake na jambia lake, akamkumbatia babu yake kifua kwa kifua, wakapepesuka pamoja pembeni. Upanga ukashuka, ukachoma ardhi pale pale aliposimama Baba, ukabaki wima unanesa.

Ngoma ilikatika. Watu wote wa Al Qabil waliukodolea macho ule upanga, na mimi nikahesabu kwamba miaka hamsini ya heshima ya baba yangu imekwisha mbele ya macho yangu. Kisha mtu mmoja kwenye safu, Mungu amlipe kheri hata kama alikuwa hajui afanyalo, akaanza beti. Wa pili akaitikia. Ngoma ikarudi kwa kishindo. Walidhani ndivyo ilivyokusudiwa.

Hamda akanigeukia, macho yamemtoka, akauliza kama ndiyo desturi yetu ya Zinjibar, bwana harusi kumkumbatia babu yake na upanga kusimama. Nilimwambia ndiyo, tangu zama za mababu. Nikaongeza kwamba si kila ukoo unaoruhusiwa.

Kabla hatujaondoka, katika masimulizi yao upanga ulikuwa umeshapita urefu wa mnara wa msikiti, na Mzee Humoud alikuwa ameusomea dua ili utue pale pale. Mshairi wao alikwishatunga beti juu yake. Nilimkumbuka Orihara kando ya mto, na wale wanafunzi wake, na nikaona haya.

Asubuhi ya pili, nyumbani Ibra, Baba alikuwa amekaa majlisini na kitambaa kidoleni. Muatasim alikuja, akapiga magoti, akambusu mkono na kipaji cha uso, akamwomba radhi kwa kuuharibu upanga.

"Upanga hujauharibu," Baba alisema. "Ningeudaka, we. Hukuniacha nikaudaka."

Amur akawa anayachunguza maua ya zulia. Baba akaniangalia mimi. Nyumba nzima ina watu wa kumpendeza, lakini aliniangalia mimi, mwanawe asiyeweza uongo, na nilijua anachoniuliza na kwa nini ananiuliza mimi.

"Au vipi, Fakhriya? Wewe ulikuwa juu."

Niliuona tena ule mkono hewani.

"Ungeudaka, Baba," nilisema. "Wallahi, niliona kwa macho yangu."

Akashusha pumzi, akaegemea mto. Muatasim alinitupia jicho mara moja tu, kisha akainuka, akachukua dele la kahawa na kummiminia babu yake. Baba akanywa. Kikombe kikatikisika mkononi mwake. Muatasim akamimina tena. Kikatikisika, akamimina tena, bila ya kuuliza, mpaka Baba mwenyewe alipoweka kiganja juu ya kikombe na kusema kwamba kahawa ya leo ina hiliki.