Bei Mbili za Bi. Arlys

Mzee Gerrit Huisman alifariki Januari 1998, akaacha ekari mia sita za mahindi na soya huko Iowa, na watoto wawili ambao hawakuwa wamesemeshana kwa miaka sita. Ritani ya kodi ya mirathi ilitakiwa kufikishwa serikalini Oktoba. Agosti ikafika, Darrel, mwanawe mkubwa, bado anaikwepa.

Kampuni moja ya mjini ilimtajia ada ya asilimia mbili ya mali yote, yaani dola elfu thelathini. Darrel, mkono wa birika tangu utotoni, nusura adondoshe simu. Akaenda kwa Bi. Arlys Dekker, mhasibu mwenye ofisi juu ya duka la mbegu.

"Bei sina," alisema Bi. Arlys. "Nipeleke jikoni kwa baba yako nikaone makaratasi yake."

Hivyo ndivyo alivyofanya kazi siku zote, na hakuna aliyemlinganisha na mtu. Alikula kipande cha pai, akapekua droo kwa saa tatu nzima: hati za ardhi za 1951, risiti za trekta, mikataba iliyoandikwa nyuma ya mifuko ya mbegu. Kila kilichokosekana alikijua kabla hajaambiwa.

"Dada yako mdogo, Lavonne, yuko wapi?"

"Des Moines. Hatuongei."

"Kisa?"

"Piano ya mama," Darrel alijibu, akainamia kikombe chake.

Bi. Arlys akavua miwani. "Sikiliza. Sheria inaruhusu shamba lipigiwe hesabu kwa kile linachozalisha, si kwa bei ya sokoni. Tukifanya hivyo, shamba linabaki lenu. Tusipofanya, unauza karibu robo ulipe kodi. Lakini warithi wote lazima watie sahihi. Akigoma mmoja, basi."

Akaandika bei mbili kwenye bahasha. Elfu tisa, wakija pamoja mezani kwake na orodha moja ya mali. Elfu kumi na sita, kila mtu akija kivyake.

"Hizo elfu saba za nini?"

"Za kubeba maneno yenu huku na huku. Nina miaka thelathini na moja kwenye kazi hii, Darrel. Makaratasi hayajawahi kunichosha. Ndugu ndio wanaonimaliza."

"Huo ni unyang'anyi, Bi. Arlys!"

"Basi nenda kwa wa asilimia mbili."

Siku tatu Darrel alizunguka shambani akinung'unika peke yake. Siku ya nne akapiga simu Des Moines.

"Lavonne, kuna elfu saba hapa. Nusu ni zako."

"Ha! Miaka sita yote kimya, na leo unanipigia kwa ajili ya pesa. Hubadiliki wewe!" Lakini alicheka, na Ijumaa akaja.

Walikaa pande mbili za meza ya Bi. Arlys kama wageni. Lavonne hakugusa kalamu.

"Kwanza niambie. Piano uliipeleka wapi?"

"Kanisani. Niliwauzia kwa dola mia mbili. Tangu mama afe sikuweza kupita karibu yake. Nilipaswa kukuuliza kwanza. Nilikukosea, mdogo wangu."

Bi. Arlys akawapa mgongo, akapanga upya mafaili yaliyokwisha kupangwa. Aliposikia kalamu ikikwaruza karatasi ndipo akageuka. Sahihi zilikuwa mbili.

Lavonne alipotangulia kushuka, Darrel akabaki mlangoni.

"Kweli ungetutoza zile elfu saba?"

"Mpaka senti ya mwisho. Ningekuwa natania, ungempigia?"

Darrel akatoa kitabu cha hundi, akaandika elfu tisa bila kuomba apunguziwe hata dola moja, jambo ambalo mjini kwao halikuwahi kusikika. Alimheshimu mwanamke yule kuliko mchungaji wake.

Chini, Lavonne alikuwa ameshapanda kwenye gari la Darrel, vidole vikigongagonga magotini.

"Nalala kwako mpaka Jumapili," alisema. "Mwambie mchungaji nataka kuipiga ile piano."